Simu kavu inayodai imelowa: kisa cha muuza samaki wa Likoni

Malalamiko yenyewe ni mafupi. Mama mmoja anayeuza samaki Likoni, Mombasa, hatua chache kutoka wanaposhuka abiria wa feri, kila asubuhi akichomeka simu kwenye chaji kioo kinamwonyesha tone la maji na maneno: kuna unyevu kwenye tundu, chomoa waya, subiri likauke. Simu haijaanguka majini, haijanyeshewa, na usiku imelala juu ya kabati. Ikifika saa nane mchana, jua likiwa limechachamaa, tone limetoweka na simu inachaji, ingawa kwa kujikokota. Kesho yake alfajiri, tone lile lile.

Asiyefanya biashara ataiona ni kero ndogo. Lakini unapouza changu na tafi, na mteja amekwambia ameshatuma kwa M-Pesa, humkabidhi mfuko mpaka ujumbe uingie. Simu ikizima saa tatu asubuhi, saa ya wateja wengi, unabaki kuwaamini watu kwa macho.

Fundi wa kwanza aliitazama kidogo tu. "Mama, hii imeingia maji."

"Maji gani mwanangu? Hata bafuni siingii nayo."

Akaifungua, akabadilisha bodi ndogo ya chaji, ile ya chini iliyobeba tundu na maikrofoni. Shilingi 1,800 pamoja na kazi. Ikachaji vizuri siku 11, kisha tone likarudi. Fundi wa pili hakuifungua kabisa. Alisema bodi kubwa imeguswa na afadhali mama anunue nyingine. Katikati ya hayo, simu ya mwanawe, ya muundo mwingine kabisa, nayo ikaanza kuonyesha tone.

Hilo la mwisho ndilo lililokuwa na thamani kuliko yote, na hakuna fundi aliyeuliza. Simu mbili tofauti, ugonjwa mmoja: tafuta zinachoshiriki. Zinashiriki nyumba, hewa na waya wa chaji. Kulikuwa na ushahidi wa pili pia, na huo fundi wa kwanza aliushika mkononi. Ndani ya simu nyingi kuna kibandiko kidogo cheupe ambacho kikiguswa na maji hugeuka chekundu au waridi. Cha simu hii kilikuwa cheupe pepe. Maji hayakuingia ndani. Kilichokuwa kibaya kiliishia mdomoni, yaani kwenye tundu la chaji.

Simu inajuaje kuna maji

Neno "unyevu" kwenye kioo linawapoteza watu, kwa sababu simu haina jicho la kuona maji. Inachofanya ni kupitisha umeme mdogo sana kwenye baadhi ya pini za tundu wakati ambapo pini hizo hazina kazi, kisha inapima ukinzani, yaani jinsi umeme unavyozuiwa kupita. Tundu likiwa safi na tupu, hakuna njia kati ya pini na pini. Ikikuta njia yoyote, hata nyembamba, inahesabu kuwa ni maji na kufunga chaji. Jasho, supu, vumbi lenye majimaji, kutu ya kijani: kwake vyote ni kitu kimoja. Ujumbe ungesema "kuna kitu kinaunganisha pini" ungekuwa wa kweli zaidi, na watu wangejua kwamba kusubiri si lazima kusaidie.

Tundu la USB-C likiwa kamili lina pini 24, 12 kila upande wa ule ulimi wa katikati. Simu nyingi za bei ya kati hutumia tundu la pini 16, maana hazihitaji zile za kupitisha data kwa mwendo kasi. Nafasi kati ya pini na pini ni nusu milimita. Sasa angalia mpangilio: pini ya nne ndiyo inayoleta umeme wa chaji, volti 5, na kwa chaji ya haraka hufika volti 9 au zaidi. Jirani yake wa karibu, pini ya tano, ndiyo ya mawasiliano. Kwa hiyo pini yenye nguvu na pini nyeti zimewekwa mlango kwa mlango. Chembe moja ya chumvi yenye unyevu inatosha kuziunganisha.

Pini hiyo ya tano inastahili maelezo, kwa sababu ndiyo nyeti. Kupitia hiyo, simu humwonyesha mwenye kutoa umeme rezista (kipande kidogo cha kukinza umeme) ya kilo-ohm 5.1, kama mtu anayebisha hodi na kujitambulisha. Ulimi una pini hiyo mara mbili, moja kila upande, lakini waya una uzi mmoja tu wa mawasiliano. Ukichomeka waya hivi, inatumika ya juu. Ukiugeuza, inatumika ya chini. Ndiyo maana dalili ya kawaida ya pini iliyochafuka ni simu inayochaji waya ukiwa upande mmoja na kukataa ukigeuzwa. Simu ya mama ilikuwa hivyo hasa. Upande mmoja mita ya USB, kile kifaa cha kupimia umeme unaopita kwenye waya wa chaji, ilisoma ampea 0.38, upande wa pili sifuri. Kwa ampea 0.38, betri ya mAh 5,000 inahitaji karibu saa 12 ikiwa simu haifanyi kazi nyingine. Ndio huko kujikokota.

Chumvi isiyokauka

Kwa nini asubuhi tu? Hapa ndipo pwani inapoingia.

Maji ya bomba yakiingia kwenye tundu, yatakauka, na shida itakwisha au karibu kwisha. Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi kwa lita. Yakikauka, chumvi inabaki. Na chumvi ya kawaida ina tabia moja: unyevu wa hewa ukipita asilimia 75 hivi, huanza kunyonya maji kutoka hewani mpaka inayeyuka yenyewe. Kila mpishi wa Mombasa anaijua tabia hii. Ndiyo sababu kopo la chumvi huwekwa punje za mchele. Chumvi ya bahari ina magnesi pia, na chumvi ya magnesi hunyonya kuanzia unyevu wa asilimia 33 tu, kiwango ambacho hewa ya Mombasa ni nadra kushuka chini yake.

Usiku na alfajiri hewa ya mji huu hupita asilimia 75 bila shida. Kwa hiyo chembe iliyokuwa kavu saa nane mchana inakuwa tone dogo la maji ya chumvi alfajiri, ndani ya simu iliyolala juu ya kabati. Tone kwenye kioo halikuwa linadanganya. Simu ilikuwa inalowa kila usiku, kutoka hewani.

Vile vile, ile desturi ya kuzika simu kwenye mchele haina nafasi hapa. Mchele hauondoi chumvi, na unaacha unga wake ndani ya tundu. Mwaka 2024 Apple waliandika wazi kwamba iPhone iliyolowa isiwekwe kwenye mchele kwa sababu chembe za mchele zinaweza kuiharibu. Mchele ule unafaa kopo la jikoni.

Mshukiwa

Waya wenyewe ni wa kawaida: kichwa kimoja cha USB ya zamani, ile bapa, na kingine USB-C. Mchana unakaa kibandani, umechomekwa kwenye chaja, na chaja kwenye soketi ya ukutani. Jioni mama anaubeba nyumbani, mwanawe anautumia usiku. Kibandani kichwa cha USB-C kinalala juu ya meza ya samaki, pembeni ya sanduku la barafu. Mama akitaka kuchaji anafuta mkono kwenye leso na kukichomeka.

Watu wengi hawajui kwamba waya wa namna hii una umeme kila wakati. Chaja yenye tundu bapa haisubiri hodi ya mtu yeyote. Ikiwa ukutani, volti 5 ziko kwenye ncha ya waya hata kama hakuna simu. Kwa binadamu volti 5 si kitu. Kwa kichwa cha waya kilicholala kwenye maji ya chumvi, ni elektrolisisi ile ile ya maabara ya sekondari: madini ya pini ya upande wa chanya yanayeyuka kidogo kidogo, yanahama, na kuganda kama ukoko wa kijani au mweusi kati ya pini. Dhahabu inayopakwa juu ya pini ni nyembamba mno kuhimili hilo kwa miezi.

Chini ya kioo cha kukuza mara kumi, ndani ya kichwa cha waya ule pini mbili za umeme zilikuwa nyeusi, na jirani ya mojawapo ilikuwa na kitu kama ukoga wa kijani. Waya wa aina hii huwa na rezista ya kilo-ohm 56 kati ya pini ya umeme na ile ya mawasiliano. Ulipopimwa kwa bodi ya kupimia nyaya, ulisoma kilo-ohm 14, na namba inachezacheza. Yaani uchafu wenyewe umegeuka rezista ya pili. Simu inaposoma ukinzani huo inapata habari ya uongo kuhusu chaja iliyo upande wa pili, kwa sababu kilo-ohm 10 maana yake ni "naweza kukupa ampea 3", na chaja ya mama haikuwa na uwezo huo.

Basi kila siku waya ulipaka chumvi kidogo kwenye simu mbili. Bodi mpya ya shilingi 1,800 ilidumu siku 11 kwa sababu ilichomekwa waya ule ule jioni ile ile. Fundi alifanya kazi yake vizuri na tundu alilotia lilikuwa zima. Kosa lake ni kwamba hakusema, "Mama, niletee na waya." Fundi wa simu wa pwani asiyekagua waya ni kama daktari asiyeuliza mgonjwa amekula nini.

Kusafisha

Kazi ilichukua dakika 40, ukiacha kukausha. Kwanza simu izimwe kabisa. Kuzima kioo peke yake hakutoshi, kwa kuwa pini huwa na umeme wa betri karibu nazo. Mwanga wa simu nyingine unatosha kuona ndani.

Nyuzi za nguo na vumbi hutangulia kutoka. Kijiti cha meno kichongwe kwa wembe kiwe bapa, kipitishwe kwenye kuta na sakafu ya tundu, kisiegemee ulimi. Ulimi ni plastiki isiyofika milimita moja kwa unene. Ukivunjika, hapo kweli unahitaji bodi nyingine. Sindano na klipu za karatasi zikae mbali.

Kisha maji. Ndiyo, maji, na hapa ndipo mafundi wengi hukosea. Wao humwagia alkoholi ya isopropili ya asilimia 99 moja kwa moja, wakiamini inasafisha kila kitu. Inasafisha mafuta na flaksi, ule utomvu unaobaki baada ya kulehemu. Chumvi haiyeyuki ndani yake, au inayeyuka kidogo sana usihesabu. Inabaki pale pale, imeoshwa vumbi tu. Chumvi huyeyushwa na maji, na maji yanayofaa ni yasiyo na madini: maji ya betri yanayouzwa kwenye vituo vya petroli. Soma kibandiko mara mbili, kwa sababu asidi ya betri huuzwa rafu hiyo hiyo na chupa zinafanana.

Simu hii ilikuwa na alama ya IP54, maana yake inahimili matone ya kurukiwa na haihimili kuzamishwa. Kwa hiyo haikumiminiwa kitu. Mswaki wa mtoto wenye nyuzi laini ulipunguzwa kwa mkasi zikabaki nyuzi za safu moja, ukatiwa matone mawili ya maji ya betri kwa bomba la sindano la mililita 2 lisilo na sindano, simu ikashikwa tundu likitazama chini. Mswaki ndio unaolowa, tundu linapakwa. Mipigo kumi uso wa juu wa ulimi, kumi uso wa chini, kisha kona ya karatasi ya shashi ikanyonya. Hivyo mara tatu. Mara ya kwanza shashi ilitoka na rangi ya kijani hafifu, mara ya tatu ilitoka nyeupe.

Sasa ndipo zamu ya alkoholi ilipofika, matone mawili, mara mbili, kazi yake ikiwa kuyafukuza maji yaliyobaki. Spiriti ya duka la dawa ya asilimia 70 haifai kwa hatua hii ya mwisho kwa sababu sehemu inayobaki ni maji. Petroli na thina, ambazo bado zinaonekana kwenye meza za vibanda, hula plastiki na gundi.

Mbele ya feni saa mbili, tundu chini. Si juani, wala kwa mashine ya kukaushia nywele: joto hulegeza gundi ya kioo na kuchosha betri.

Baada ya hapo, kwa waya mpya, mita ilisoma ampea 1.5 upande mmoja na 1.4 ukigeuzwa. Pini moja ya mawasiliano ilibaki na doa jeusi, lakini inagusa. Hata hivyo mita ya mchana haithibitishi chochote katika kisa hiki, kwa kuwa hata kabla ya kusafishwa simu ilichaji mchana. Kipimo halisi ni alfajiri. Asubuhi tatu mfululizo saa kumi na mbili, hakuna tone. Simu ya mwanawe ilisafishwa vivyo hivyo, ikapona bila kununuliwa kitu.

Mambo ambayo yangeharibu zaidi

Kuna ujanja unaosambazwa vijiweni: ukiona tone, zima simu kisha chaji. Kwa baadhi ya aina za simu unafanya kazi, maana ikiwa imezimwa onyo halitokei na umeme unapita. iPhone yenyewe ina kitufe cha kulipuuza onyo wakati wa dharura. Kama unaelekea hospitali na una asilimia 2, tumia. Ukiugeuza kuwa desturi, unaendesha elektrolisisi ndani ya simu yako mwenyewe usiku kucha, na kwa chaja ya haraka unaiendesha kwa volti 9. Mama alikuwa ameufanya kwa wiki tatu hivi, na doa jeusi lililobaki kwenye pini ni la siku hizo.

Vile vichwa vya sumaku vinavyoachwa ndani ya tundu na waya kunata kwa nje vinaonekana kama jibu kwa mtu mwenye mikono yenye maji. Sivyo. Vinaweka pini zenye umeme nje, wazi, mahali pazuri zaidi pa chumvi kutua. Kizibo cha mpira kinafaa, kwa sharti kwamba kinazibwa juu ya tundu kavu. Ukiziba lenye unyevu umeutunza.

Tuseme pia la watengenezaji. Majaribio ya hizo alama za IP hufanywa kwa maji baridi yasiyo na chumvi, na simu zinazopita huuzwa kwa picha za watu wakiogelea. Baadhi ya kampuni kubwa huelekeza kwamba simu yenye kinga ya maji ikiguswa na maji ya bahari isuuzwe kwa maji safi kabla ya kukaushwa, ushauri mzuri ambao ungepaswa kuandikwa kwenye lile onyo lenyewe. Badala yake onyo linasema subiri likauke, agizo ambalo kwa mtu wa pwani halina mwisho. Tena tundu siku hizi ni moja kwa kila kazi: tundu la vipokea sauti limeondolewa kwenye simu nyingi, betri haitoki, na kuchaji bila waya kwa kiasi kikubwa ni kwa simu za bei ya juu. Tangu tarehe 28 Disemba 2024 Umoja wa Ulaya unataka simu mpya zinazouzwa huko ziwe na USB-C, jambo jema la kupunguza rundo la nyaya, na baadhi ya simu hizo hutufikia. Mlango ukiwa mmoja, basi angalau ungejengwa kwa kujua kuna miji iliyo kando ya bahari.

Mpango mpya wa kibandani

Chaja ya tundu bapa imeondoka mezani. Mahali pake kuna chaja ya USB-C na waya wenye USB-C ncha zote mbili. Faida yake si mwendo kasi peke yake. Chaja ya namna hii haitoi umeme mpaka isikie ile hodi ya kilo-ohm 5.1, kwa hiyo ncha iliyo tupu haina volti 5 za kula pini zake. Ikilowa, italowa tu. Haitaoza kwa kasi ile. Kwenye meza yenye barafu na maji ya chumvi, tofauti hiyo ina uzito kuliko maneno yote yaliyoandikwa kwenye boksi.

Ncha ya waya inaning'inia kwenye msumari, imetazama chini, imevikwa kipande cha mrija. Kuna kitambaa kimoja kikavu kisichogusa samaki, cha kushikia simu tu. Kila mwisho wa mwezi mswaki, maji ya betri, alkoholi, dakika kumi.

Waya wa zamani usisafishwe. Pini zake ziko ndani ya kichwa chembamba, mahali usipoweza kupafikia, na dhahabu imeshaondoka. Ukatwe kwa mkasi karibu na kichwa kabla ya kutupwa, kwa kuwa waya mzima ukionekana jaani Likoni haufikishi jioni bila kuokotwa na kuchomekwa kwenye simu ya mtu mwingine.